Nadhiri ya Magofuni

Mwaka jana, katika umri ambao watu huniuliza hali ya magoti kabla ya kuniuliza habari za nyumbani, nilipanda kilima kimoja cha Wales kwenda kutazama nyumba iliyobomoka. Ilikuwa ngome ya wafalme wao wa zamani, ya miaka mia saba na ushei, na jina lake Munira alinifundisha kulitamka njia nzima garini bila mafanikio, mimi niliyekula mshahara wa ualimu maisha yangu yote. Munira ni binti ya Rukia, na Rukia ni binti ya ami yangu, niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa wasichana, kisha akaolewa na baharia akaenda kuishi Cardiff tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Huko juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na kondoo, upepo wa kukata masikio, mnara mmoja uliopasuka katikati, na kuta nene zilizoota majani mpaka ndani ya madirisha. Tulikaa juu ya ukuta mfupi, Rukia akafungua chupa ya chai ya maziwa na kopo la mahamri aliyoyakaanga alfajiri, na mbaazi za nazi katika chupa nyingine, bado za moto. Nikaweka kiganja juu ya jiwe, nikaona lina baridi na unyevu. Rukia akatazama kushoto, akatazama kulia, akajiweka sawa mtandio, kisha kwa sauti ya nyanya yetu aliyefariki zamani akasema, "Si hapa." Tulicheka hata Munira akaja mbio kutoka upande wa pili wa mnara, akidhani mmoja wetu ameanguka.

Alitaka kujua kinachochekesha. Rukia alipangusa machozi akanionyesha mimi kwa tonge la hamri. "Mwalimu ni huyu, mwambie yeye akuhadithie." Nikahadithia, na wakati nahadithia nikatambua kwamba waliokuwapo wote wameshatangulia, tumebaki sisi wawili juu ya ukuta wa watu. Ndiyo maana naandika. Habari za ukoo wetu, nani alitoka wapi na alikuja kwa chombo gani, siziandiki. Wako wanaozijua zaidi na wanaozipenda zaidi. Mimi naandika mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya bendera kubadilishwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule, na nimewekwa ndani kama wasichana wote wa mtaa wetu: husimami dirishani, huendi dukani, na ukitoka umetoka kwa buibui nyuma ya mtu mzima, tena ni arusi au matanga. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba ambacho jirani wa mbele aliweza kukupa chumvi dirishani bila yeye kuinuka wala wewe. Chini Ami Swaleh, baba yake Rukia aliyenilea na mimi, alisomesha chuo cha Kurani, na tangu asubuhi sauti za watoto zilipanda ngazi pamoja na harufu ya vitunguu vya jikoni. Juu kabisa kilikuwa chumba cha Nyanya, Bi Khola, mama yake Ami: samadari ya miguu mirefu iliyohitaji kigoda kuipanda, kasha la nguo lililonuka udi, kioo chenye madoa ambacho hakuna aliyejiona vizuri ndani yake, na mkeka mkubwa chini ya dirisha tulipokaa mimi na Rukia kutwa nzima tukishona kofia. Nyanya mwenyewe alikuwa ameacha kushona kwa sababu ya mtoto wa jicho. Aliona vivuli tu. Lakini hakuna kofia iliyotoka chumbani mle bila kupita mikononi mwake. Aliizungusha polepole kwenye ncha za vidole, tundu kwa tundu, kisha akasimama mahali akasema, "Hapa mumelala," na kweli tulipoangalia palikuwa na tundu halikuzungushiwa uzi. Tulimwogopa kwa vidole vile kuliko walimu wote wa shule.

Siwezi kusema nilikuwa na huzuni. Tulicheka sana chumbani mle, tulikula vizuri, na Rukia alijua kumwigiza kila mtu wa mtaani mpaka paka. Lakini nilikuwa na kitu kimoja nilichokitaka, na sikukisema kwa mtu. Mwalimu wetu mkuu alikuwa amepeleka jina langu chuo cha ualimu, bara, kabla ya mimi kuondoka shuleni. Kila tarishi alipopita kichochoroni nilijichoma kidole kwa sindano. Siku moja alasiri, Ami alikuwa amekaa na jirani kwenye baraza, chini kabisa ya dirisha letu. Wanaume hawakukumbuka kamwe kwamba juu ya baraza kuna dirisha na nyuma ya dirisha kuna masikio.

"Barua ya Zena ishakuja," Ami alisema. "Wamempa nafasi. Wataka jibu kabla ya mwaka kwisha."

"Na weye wasemaje?"

"Sisemi kitu. Nikisema ndiyo, nimemtoa mwana wa kike kwenda mbali, na hata sokoni hajapata kwenda peke yake. Nikisema la, ni miye niliyemfundisha kusoma, tangu alifu. Nimeitia sandukuni."

Kofia iliniponyoka ikaanguka. Rukia alinitazama, nikamtazama. Nyanya alikuwa amelala chali juu ya samadari, macho ameyafumba, tukadhani amesinzia. "Okota kazi yako, mwanangu," akasema, "uzi usishikwe na vumbi bure." Usiku ule sikulala vizuri, maana nilimjua ami yangu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kupima, na jambo akilitia sandukuni liliweza kukaa humo mpaka wenye kulitaka wakazeeka.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, tulikuwa tukila wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kwetu Ijumaa nyumba nzima ilikula pamoja, wanaume sinia yao upande wa mlango, wanawake yao upande wa ndani. Nyanya alinawa mikono, akajifuta, akaita, "Swaleh."

"Labeka, mama."

"Miye nina nadhiri."

Ami aliacha tonge njiani. "Nadhiri gani?"

"Ya zamani, weye hujazaliwa. Tulikwenda mandari magofuni, siye wanawake wa mtaa, na miye ni bibi arusi wa miaka mitatu, mikono mitupu. Nikanadhiri, Mola akinipa mwana nitarudi papo hapo niwalishe watu. Mola kanipa weye. Nami sikurudi. Sasa mato yangu ndiyo haya, na siku zangu zahesabika."

Mama yake Rukia alishika kifua. Ami akapima. Alikuwa mtu wa sheria, na nadhiri ya kulisha watu haina wa kuikataa. Angeweza kumnyima mama yake safari, lakini hangeweza kumzuia na jambo alilomwahidi Mola wake. Mwisho akasema, "Itimizwe. Lakini ubani, hapana. Vitambaa vya kutundika mitini, hapana. Marashi ya kunyunyizia mizimu, hapana."

"Marashi nitatwaa ya kunawia mikono," Nyanya akajibu kwa upole mkubwa.

Hakuna aliyeuliza ni magofu yapi. Hili ni kosa ambalo mgeni hangelifanya, maana mgeni angetaka jina. Kisiwa chetu na pwani zake zimejaa majumba na misikiti iliyoanguka, na sisi wenyewe kila palipobomoka tunapaita magofuni, tumemaliza. Kila mtu aliyekuwapo siku ile alikuwa na magofu yake kichwani, akaona ndiyo hayo hayo anayoyasema Nyanya. Mama yake Rukia alikuwa na ya Ras Serani, kwa hiyo tukaenda Ras Serani.

Nyanya hakuweza kutembea mwendo ule. Ukaletwa mkokoteni, ukatandikwa godoro na mkeka, akapandishwa juu na sufuria la pilau mbele yake na birika la maji ya ukwaju mapajani, na sisi nyuma kwa mabuibui yetu, tukaikata Mombasa mchana kweupe. Sijasahau mpaka leo. Vichochoro viliisha, barabara ikawa pana, na ghafla upepo ukaingia ndani ya buibui ukalijaza kama tanga, nami nikashikilia kwa mikono miwili huku nacheka peke yangu. Nilikuwa sijaiona bahari ya wazi karibu mwaka mzima, na nyumba yetu iko hatua mia mbili kutoka majini. Magofu yenyewe yalikuwa ngome ya zamani, vipande vya kuta juu ya mwamba, ule upande unaotazama mlango wa bandari. Vichaka vimepita katika matundu ya mizinga na mbuzi wa mtu wamelala kivulini. Tulitandika. Lakini kulisha kunataka wa kulishwa, na pale hapakuwa na maskini hata mmoja. Palikuwa na mkata nyasi wa baraza la mji, wapiga rangi wawili waliokuja kupumzika, na Mzungu mzee akimtembeza mbwa. Nyanya akaamuru waitwe wote. Mzungu alijaribu kueleza kwamba ametoka kula. Mama yake Rukia, ambaye hakujua Kiingereza na hakukitaka, alimkalisha juu ya jiwe akamtilia sahani yenye kilima. Alikula yote, na mbwa akapata mfupa mbali na mkeka.

Tulipomaliza, Nyanya akainua uso juu kama anayenusa. "Kisima kiko wapi?"

Hapakuwa na kisima.

"Basi si hapa," akasema. "Pale palikuwa na kisima."

Tutoke tena? tukamwuliza. Ndiyo, tutoke tena, akajibu, lakini si hapa, mahali penyewe. Nadhiri haijatimia. Ami aliposikia jioni ile alivuta ndevu, akasema kweli, kama alitaja mahali basi ni mahali hapo. Rukia alinifinya ubavuni mpaka nikapata alama. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya magofu ya jikoni, yaani ya mpishi wetu, na hayo yalikuwa Mbaraki.

Mbaraki kuna mnara wa mawe ya matumbawe, mrefu, uliosimama peke yake karibu na msikiti wa kale uliobaki kuta. Wanawake wenye haja zao walikwenda pale na ubani na vitambaa vyekundu, na Ami alijua hilo, kwa hiyo alirudia masharti yake mara tatu mlangoni. Kisima kilikuwapo. Lakini Kilindini iko jirani, na saa ya chakula makuli walipoona moshi wa chungu walikuja makundi kwa makundi, wamejaa vumbi la saruji, wamesimama mbali kwa adabu. Waliitwa wakaja. Kulikuwa na Wakamba, Wajaluo, Waluhya, wengine hawajawahi kula biriani maishani, na Nyanya akawauliza mmoja mmoja kwao ni wapi na mama zao wazima. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori, jina lake Wafula, jitu refu lenye sauti nyembamba. Alikula sahani tatu. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya mkeka, akasema, "Mama mkubwa, asante. Siku ukipika tena, na kama mahali ni mbali, mimi lori ninalo." Nyanya akamwekea mkono kichwani, akamwombea barabara nzuri. Halafu meli ikapiga honi bandarini, na yeye akatikisa kichwa. "Si hapa. Pale palikuwa kimya."

Safari ya tatu ilikuwa ng'ambo, Kisauni, msikiti ulioanguka ndani ya shamba la minazi, na mvua ilitunyeshea mpaka mchuzi ukawa supu. Tulilishana sisi kwa sisi na wagema wawili wa shamba lile chini ya turubai moja, tumebanana, na mama yake Rukia, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa kulalamikia kila kitu, aliimba vugo, nyimbo za arusi, tangu mwanzo mpaka mwisho akipiga sufuria. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi. Nyanya aliyaonja kwa kidole tu. "Si hapa."

Naona sasa jinsi safari zile zilivyonigeuza bila mimi kujua. Ni mimi niliyeandika alama za Nyanya katika daftari langu la shule: kisima cha maji matamu, kimya, ukuta upande wa kibla. Ni mimi niliyetumwa kuulizia njia kwa watu nisiowajua, kwa sababu nilijua kusoma vibao na kwa sababu mama yake Rukia alikuwa na haya. Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa. Mara ya tatu nilimsimamisha polisi wa barabarani nikamwuliza, na alipokosea nikamsahihisha. Nyanya alisikiliza yote hayo kutoka juu ya godoro lake, uso umeelekea kwingine. Nyumbani, mwaka ulikuwa unakwisha. Nilihesabu Ijumaa zilizobaki. Barua ilikuwa bado sandukuni, na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza Ami, nilikuwa na ujasiri wa kuuliza polisi tu.

Kisha Ami mwenyewe akatangaza. "Safari ya nne nakuja nami," alisema. "Mama yangu miezi sasa azunguka na masufuria. Nataka kuona kwa mato yangu." Hakusema kwa ukali, lakini tulielewa. Akija yeye, hesabu itafungwa: ama ndipo, na mandari zimekwisha, ama sipo, na mzaha umekwisha. Vyovyote vile tungerudi chumbani, mkekani, chini ya dirisha. Wafula aliitwa. Alikuja na lori lililokuwa likienda kaskazini tupu kuchukua makuti, likafagiliwa, likatandikwa godoro, na Ami akakaa mbele na Wafula akishika kilemba kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili.

Siku hizo Mtwapa hapakuwa na daraja. Kivuko kilivutwa kwa mnyororo, na wavutaji walikwenda kwa wimbo, wakipiga miguu juu ya ubao, wakitunga maneno juu ya kila abiria. Walimtunga Nyanya, bibi wa kishungi anayekwenda kuolewa ng'ambo. Yeye aliketi juu ya lori akipiga makofi, hana jino hata moja mbele, amefurahi hata nikamwonea wivu. Ami alitazama maji, lakini kidole chake kilikuwa kikipiga mlango wa lori kwa mapigo yale yale. Kutoka pale Wafula aliuliza wenyeji wakatuelekeza njia ya mchanga kuingia porini, mpaka lori likakwama, tukamaliza kwa miguu, Wafula amembeba Nyanya mgongoni. Na pale ndani ya msitu, juu tu ya bahari, kulikuwa na mji mzima. Kuta za majumba zimesimama hazina paa, milango ya tao imebebwa na mizizi, vidaka vya ukutani bado viko tayari kuwekewa vyombo. Kisima kilikuwapo, maji yake matamu. Kimya kilikuwapo. Ukuta wa kibla ulikuwapo, na nyuma yake makaburi. Nikaandika katika daftari kwamba alama zote zimetimia.

Nyanya alitaka kwenda haja. Rukia akamshika mkono wakaenda nyuma ya ukuta, wakakawia huko mpaka tukamaliza kutandika na wali ukaanza kupoa. Waliporudi Nyanya aliomba kukalishwa karibu na makaburi. Watu wa kulishwa walikuwa wameshakuja, wavuvi na wake zao kutoka kijiji cha jirani, na watoto tele. Walikula, wakaomba dua, wakashukuru. Kisha Ami alikuja akachutama mbele ya mama yake.

"Mama, ndipo?"

Nilifunga daftari. Hata Wafula, asiyejua lolote, aliacha kutafuna.

"Nadhiri ina maneno yake, Swaleh, hujaniuliza maneno," Nyanya akasema. "Sikusema nitalisha watu tu. Hapa pana jiwe lenye maandishi. Niliyashika kwa mikono yangu siku ile, wala sikujua yasemani, kwani siye hatukufundishwa. Nikanadhiri nitarudi kulisha watu, na mwana wa kike wa nyumba yangu anisomee. Zena, ndoo hapa."

Nikaenda. Aliunyoosha mkono bila kupapasa, akauweka juu ya jiwe la kaburi kama anayeweka juu ya kasha lake mwenyewe. Nikakwangua kuvu kwa kucha. Chini yake zikatoka herufi, za kuchongwa, nene, hazina nukta, nyingine zimeliwa na chumvi. Nilipiga magoti nikasoma polepole, nikirudi nyuma, nikikisia palipofutika. Maneno yenyewe ni yale ambayo kila Mwislamu huyasikia msibani. Nilipofika mwisho bahari ilisikika chini.

"Soma tena," Ami akasema.

Nikasoma tena, sasa bila kusita. Ami Swaleh alikuwa mtu wa kusahihisha. Alimsahihisha imamu, alimsahihisha mwadhini, alinisahihisha mimi miaka minane kwa ufito wa mkwaju mezani. Siku ile hakunisahihisha neno. Alikuwa amefumba macho.

"Wallahi ndipo hapa," Nyanya akasema. "Nipeni marashi, ninawe mikono."

Tulirudi tukiimba wimbo wa wavuta kivuko, na Ami hakutukataza. Nilidhani barua itajibiwa kesho yake. Haikujibiwa. Nyanya alifunga saumu Jumatatu, akafunga Jumanne, akafunga Jumatano, mwanamke wa umri ule na hali ile. Nilimwandalia futari mwenyewe, uji wa mtama na tende, nikijiambia ni shukrani yake kwa nadhiri kutimia. Jumatano magharibi Ami alipanda ngazi na sahani ya tende nzuri alizozinunua yeye, akaketi kando ya samadari.

"Mama, saumu hii ya nini?"

"Ya shukrani."

"Shukrani ya siku ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," Ami akasema, na akacheka. Nilimjua maisha yangu yote na sikuwa nimemsikia akicheka, si kutabasamu, kucheka kwa sauti hata mabega yakatikisika. Alimpa mama yake tende ya kwanza kwa mkono wake. Asubuhi aliniita chini, akanipa bahasha iliyofungwa na kubandikwa stempu. "Kaitie postani," alisema. Nikamtazama Rukia ili anifuate. "Peke yako," akasema Ami. Nilikwenda peke yangu mpaka posta, na nikarudi, na hakuna nyumba iliyoanguka.

Hapo ndipo ilipoishia hadithi yangu kwa Munira, na ndivyo nilivyoihadithia kila mara, darasani na mezani. Lakini kule kilimani Rukia alikuwa anachokonoa kuvu juu ya ukuta wa ngome kwa ukucha.

"Zena," akasema, "Nyanya hakupata kufika Mtwapa maishani mwake kabla ya siku ile."

Nikamwambia asilete utani wake.

"Aliniapisha nisiseme, na sikusema. Lakini tumebaki wawili. Nilipompeleka nyuma ya ukuta, tulipotoka aliegemea kaburi ajipumzishe. Vidole vikaanza kwenda. Akaniuliza, hii nini, mbona imechongwa? Nikamwambia ni maandishi, Nyanya. Akasimama pale, ameshika jiwe, mpaka nikadhani amepata kizunguzungu. Kisha akasema, alhamdulillahi, basi tumefika, nirudishe nikakae hapa karibu. Nadhiri hapakuwa na nadhiri, si ya hapo wala ya kwingine. Ilikuwa barua yako, tangu siku ya dirishani."

Nilikaa na hamri mkononi. Kilichonijia kwanza si uwongo wa Nyanya. Kilichonijia ni siku tatu. Mtoto yeyote aliyepita chuo cha Ami Swaleh anajua siku tatu ni za nini: aliyeapa uwongo, na hana uwezo wa kulisha, hufunga siku tatu, hiyo ndiyo kafara yake. Nyanya alilijua hilo, akalilipa kimya kimya kwa tumbo lake la kizee. Mimi nililijua na sikulifikiria, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijifikiria mwenyewe. Lakini aliyelisomesha alipanda ngazi Jumatano magharibi na sahani ya tende, akamwuliza mama yake shukrani ni ya siku ngapi, akajibiwa tatu. Alicheka, na asubuhi akanipa barua nikaitie peke yangu.

"Babako alijua," nikamwambia Rukia.

Rukia alinitazama, na nikaona kwamba miaka yote aliyoilinda siri ile hakuwa amefika hapo. Kisha tukaanza tena kucheka, safari hii machozi yakiwa ya kweli, wanawake wawili wazee wameshikana mikono juu ya ukuta wa ngome ambayo jina lake hatuwezi kulitamka. Tulisoma Fatiha pale pale, upepo ukitupokonya maneno. Miaka yote tangu nishike chaki, nikimaliza kusali humwombea Nyanya Bi Khola kwa jina lake, kwamba ndiye aliyenitoa. Siku ile kilimani nilitaja majina mawili.

Munira alikuwa anafunga kopo la mahamri. Alituambia kuna ngome nyingine, mwendo wa saa mbili tu kwa gari, kama bado tuna nguvu, na akauliza kama hii imetosha.

"Hii ina kisima?" Rukia akamwuliza.

Munira akasema hakuona kisima.

"Basi tupeleke," nikasema, nikaomba fimbo yangu.